Jibu kwa msomaji: Ndege watatu wa Taita kwa wikendi moja kutoka Mombasa

SWALI: Mimi ni mwalimu, naishi Likoni. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiangalia ndege kwenye hori ya Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke pamoja na wenzangu wanne. Sasa tunataka kupanda milima ya Taita tukawaone wale ndege watatu ambao tunaambiwa hawapatikani kwengine. Tuna Ijumaa hadi Jumapili, hatuna gari letu, na nafasi yetu ni likizo ya Agosti. Inawezekana? Tulale wapi, tubebe nini? Na ni kweli kwamba ukicheza sauti ya ndege kwenye simu anakuja mwenyewe?

JIBU: Mwalimu, salamu. Inawezekana, na siku tatu zinatosha, mradi usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi mlale juu mlimani. Msilale Voi. Watu wengi wa Mombasa hulala Voi kwa kuwa vyumba ni vingi na chakula ni rahisi, kisha hushangaa kwa nini wamerudi na ndege mmoja. Voi iko chini, kama mita 600 juu ya bahari. Ili ufike msituni alfajiri itabidi utoke kabla ya saa kumi usiku, upande kona za Mwatate kwenda Wundanyi gizani, pengine ndani ya ukungu ambao taa za gari haziupenyi. Ukifika umechoka, na saa nzuri imekwisha.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa jina. Ukitafuta "Taita Hills" kwenye ramani ya simu, mara nyingi utaonyeshwa hifadhi ya wanyama iliyo tambarare, kando ya barabara ya Voi kwenda Taveta, penye tembo na hoteli. Ni pahali pazuri, lakini ndege mnaowataka hawako huko hata mmoja. Nyinyi mnakwenda Dawida, milima yenyewe, na mji wenu ni Wundanyi, kama mita 1,400 juu ya bahari. Mwambieni dereva "Wundanyi", msimwambie "Taita Hills".

Jambo la pili ni kwamba msitu wenyewe si mmoja. Ni vipande vilivyobaki juu ya vilele baada ya mabonde na miteremko kugeuzwa mashamba ya mahindi, maharagwe na mboga. Ukijumlisha msitu wa asili uliobaki, unapata kama hekta 400 na kitu. Arabuko-Sokoke mnayoijua ina takriban hekta 42,000, kwa hivyo Taita nzima ni kama sehemu moja kwa mia ya hiyo. Mbololo ni kama hekta 185, Ngangao kama 120, Chawia haifiki 100, na vilivyobaki ni vidogo zaidi: Vuria, Yale, Fururu na vingine. Kila kipande kina ndege wake, na anayekosea kipande hata akae wiki nzima hatamwona anayemtafuta.

Nani yuko wapi

Mkesha wa Taita, Turdus helleri, ndiye mkubwa wa wale watatu, urefu wake kama sentimita 21. Kichwa na kifua ni vyeusi, mgongo umefifia kidogo, tumbo jeupe, na ubavuni ana rangi ya kutu inayotokeza vizuri akigeuka. Mdomo wake ni wa rangi ya machungwa, na katika giza la msitu mdomo huo ndio utakaouona kabla ya mwili. Maisha yake yako chini, kwenye majani makavu, akipekua wadudu na kuokota matunda yaliyoanguka. Hapendi kuvuka mahali peupe. Shamba la mahindi la mita mia mbili kwake ni kama mkono wa bahari, ndiyo maana ndege wa kipande kimoja hawachanganyiki hivi hivi na wa kipande kingine. Wengi wako Mbololo, wanaofuata ni wa Ngangao, na Chawia wamebaki wachache. Vuria msipoteze muda kumtafuta.

Apalisi wa Taita, Apalis fuscigularis, ndiye aliye hatarini zaidi. Ni kadege kembamba ka kiasi cha sentimita 12, mkia mrefu, mgongo wa kijivu kizito, koo na kifua vyeusi kama aliyefungwa kitambaa, tumbo jeupe, na jicho la rangi ya kufifia linalokutazama kama la mtu mkali. Jike koo lake halikoozi sana. Hukaa kwenye vichaka vizito vya chini na vya katikati, hasa pale mti mkubwa ulipoanguka na mimea ikaota kwa fujo kutafuta mwanga. Hutembea wawili wawili au kikundi kidogo, wakiitana. Mtafuteni Vuria na Ngangao. Hesabu zilizofanywa 2001 na kurudiwa 2009 hadi 2010 zilionyesha kwamba amepungua vibaya, kwa hiyo msione ajabu mkipata jozi moja tu asubuhi nzima.

Wa tatu ni kinengenenge wa Taita, Zosterops silvanus. Huyu ndiye mwepesi kumwona. Juu ni kijani cha zeituni, chini ni kijivu, na kuzunguka jicho ana duara jeupe pana mno, kana kwamba limechorwa kwa chaki. Kosa la kawaida ni kumchanganya na kinengenenge wa huku chini, ambaye tumbo lake ni la manjano. Ukiona manjano tumboni, endelea kutafuta. Na hapa nikusahihishe kidogo, Mwalimu: huyu hupatikana pia Mlima Kasigau, ule uliojitenga kusini mwa barabara kuu. Dawida peke yake haiwezi kumdai. Hutembea kwa makundi, hupita juu ya miti wakilia "tii-tii" bila kunyamaza, na dakika mbili baadaye hakuna kitu.

Kwa siku zenu mbili za asubuhi, basi, nawashauri Jumamosi Ngangao na Jumapili Vuria. Ngangao inawapa nafasi kwa wote watatu. Vuria, kwenye mita 2,208 ambacho ndicho kilele cha juu kabisa cha Taita, ni ya apalisi, na barabara inayokwenda kwenye minara ya mawasiliano inawaweka ukingoni mwa vichaka bila kubomoa kichaka chenyewe. Mbololo iacheni safari nyingine: imetengwa na Dawida na bonde la Paranga, inaendewa kwa njia yake, na kupanda kwake kunakula siku. Kama mngeniambia mnamtaka mkesha tu na wengine si muhimu, ningesema kinyume.

Ukungu na mwezi wa Agosti

Kwa nini kuna msitu mbichi juu wakati Voi na Mwatate ni nyika ya migunga na vumbi? Ni upepo ule ule wa Mombasa. Upepo wa bahari unavuka nyika ukiwa na unyevu wake, unagonga mlima, unalazimika kupanda, unapoa, na unyevu unageuka ukungu. Miti iliyovaa kuvumwani inauchuja ukungu huo kwa majani na matawi, ukidondoka tone tone hadi kwenye mizizi, hata siku isiyo na mvua. Ndiyo sababu upande unaotazama baharini una unyevu zaidi. Ndiyo sababu pia mkaratusi au msonobari uliopandwa kando ya msitu hauchukui nafasi ya msitu wa asili: chini yake hakuna majani laini yenye wadudu wala vichaka, na mkesha hana shughuli hapo. Mkiingia Ngangao mtapita sehemu zilizopandwa miti ya kigeni. Msisimame huko kuhesabu ndege, piteni.

Juni hadi Agosti ni kusi, na kusi ndio wakati wa ukungu. Agosti mnaweza kukuta ukungu umekaa tangu usiku hadi saa tano asubuhi, siku mbili mfululizo. Kama mngeweza kuchagua, ningesema wakati wa kaskazi, Januari hadi mwanzoni mwa Machi, kabla ya masika: anga wazi, njia kavu, mwanga unaotosha hata kwa kamera. Siku chache za mwanzo wa Januari kabla shule hazijafunguliwa, au mapumziko ya katikati ya muhula wa kwanza, zingewafaa. Aprili na Mei acheni kabisa. Udongo mwekundu wa kule ukilowa, hata pikipiki huteleza ubavu.

Lakini Agosti si mwezi uliopotea. Asubuhi ya baridi na ukungu ndege hawalali mapema kama siku ya jua. Arabuko mmezoea kwamba ikifika saa tatu na nusu kimya kimetanda. Huku siku ya ukungu wanaendelea kula na kuitana hadi saa tano, wakati mwingine hadi saa sita. Wanaokosa ni wale wanaoingia saa kumi na mbili, wanakaa saa moja wakiona weupe mtupu, wanakata tamaa na kwenda kunywa chai Wundanyi. Ukungu ukianza kupasuka, kuna robo saa hivi ambapo kila kitu kinatoka kwa pamoja. Muwe msituni wakati huo.

Kufika na kulala

Kwenda, treni ya SGR inawafaa, ile ya asubuhi inayosimama vituo vya kati. Ile ya moja kwa moja huenda isisimame Voi, kwa hivyo soma tiketi kabla ya kulipa. Inatoka Miritini saa mbili asubuhi, na chini ya saa mbili na nusu mko Voi, bila foleni ya malori ya Mazeras na mizani ya Mariakani. Hesabuni vivuko vya Likoni: kutoka kwenu hadi Miritini jipeni saa mbili. Kutoka Voi ni matatu au Probox hadi Mwatate, kama kilomita 25, kisha kona za kupanda hadi Wundanyi, kama kilomita 15. Saa saba au nane mchana mtakuwa mmeshusha mizigo.

Kurudi, treni haiwafai. Ile ya kutoka Nairobi hupita Voi katikati ya mchana, na kuiwahi mtalazimika kuikatiza asubuhi ya Vuria. Teremkeni kwa matatu, mpande basi au matatu ya Mombasa pale Voi alasiri.

Wundanyi kuna nyumba za wageni za kawaida. Ulizeni kitu kimoja kabla ya kulipa: maji moto asubuhi ni saa ngapi? Kama jibu ni saa moja, hayawahusu, mtakuwa mmeondoka zamani. Usafiri wa alfajiri upangeni jioni ya Ijumaa, mkubaliane bei na saa, mchukue namba ya dereva. Saa kumi na moja alfajiri stendi haina mtu. Watu watano na mwongozaji ni Probox moja iliyojaa. Pikipiki gizani kwenye ukungu siwashauri, hata kama ni rahisi.

Mwongozaji mnamhitaji. Mambo ya ruhusa na kiingilio yamalizeni siku moja kabla kupitia ofisi ya Shirika la Huduma za Misitu, na muwe na simu yenye M-Pesa kwa malipo hayo, pamoja na noti ndogo ndogo za mahitaji mengine. Njia za ndani ya Ngangao zimechanganyika na vichochoro vya waokota kuni, na upande wa mashariki kuna miamba mikali ambayo kwenye ukungu huioni hadi ufike. Kumpima mwongozaji ni rahisi. Muulize: "Apalisi umemwona lini mara ya mwisho, na wapi?" Ajuaye atakutajia siku na kona ya njia. Asiyejua atakwambia wako wengi, msijali.

Vifaa, na kosa la saa tatu

Joto hushuka kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mombasa Agosti alfajiri ni nyuzi 21 au 22. Ngangao, kwenye mita 1,700 hadi 1,950, mtaamkia nyuzi 10 hadi 12, tena na unyevu. Sweta ya sufu, siyo ya pamba, maana pamba ikilowa haikauki siku nzima. Juu yake koti la mvua la kitambaa laini. Yale makoti ya plastiki ya bei ndogo huvuma kwa kila hatua, na mkesha atakusikia kabla hujafika. Kwa wanaovaa buibui au dera: vaeni suruali ndani, na vazi la juu liishie magotini, kwani pindo refu linanasa kwenye miiba na kulowa hadi kiunoni. Soksi ndefu, suruali ichomekwe ndani. Siafu wapo, na huwa hawagongi mlango. Mkikuta msafara wao, rukeni, kisha simameni pembeni mita tano na mtulie: wadudu wanaowakimbia siafu huwavuta ndege wa chini, na mahali hapo panaweza kuwalipa zaidi ya saa nzima ya kutembea.

Darubini. Kwa mwanga wa huko, chukua namba mbili zilizoandikwa juu yake, gawanya ya pili kwa ya kwanza upate milimita za mwanga zinazofika jichoni. Ya 8x42 inakupa 5.25, ya 10x42 inakupa 4.2, na ile ndogo ya mfukoni ya 8x25 inakupa 3.1 tu. Ufukweni Mida, juani, hiyo ndogo inatosha. Chini ya miti yenye ukungu itakuonyesha kivuli. Chukueni 8x42, na ihakikishwe kuwa inaona vizuri hata kitu kilicho mita tatu, maana mkesha anaweza kutokea miguuni penu. Iwe iliyozibwa isiingie maji. Isiyozibwa hupata ukungu ndani ya mrija, na huo hakuna kitambaa kitakachoufuta; siku imekwenda.

Wengi wana darubini nzuri na hawajawahi kuirekebisha. Fanya hivi nyumbani, kwa kutazama bango lililo mita thelathini. Ukivaa miwani, shusha vikombe vya mpira, usipovaa, viinue. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lisome maandishi bila utata. Sasa funga la kushoto, ufungue la kulia, na usiguse tena gurudumu: zungusha pete iliyo kwenye jicho la kulia hadi maandishi yakae sawa. Tazama pete imesimama alama gani, uikumbuke. Tangu hapo unatumia gurudumu peke yake. Kama darubini moja inatumiwa na wawili, peaneni alama zenu, vinginevyo kila mmoja atamlaumu mwenzake kwamba kifaa ni kibovu. Kwenye baridi, pumzi yako huganda kwenye lenzi ya jichoni. Pumua kwa mdomo kuelekea chini na usiibane darubini usoni.

Sasa lile la saa. Waangalia ndege huelekezana kwa uso wa saa: mti ule, tawi la "saa tatu". Kwa Kiswahili chetu saa tatu ni pale mshale unapokuwa kwenye tisa! Kwenye kundi la watu watano, wawili watatazama kulia, watatu watatazama kushoto, na ndege ataondoka wakati mnabishana. Kubalianeni kabla ya kuingia: mnataja namba iliyoandikwa kwenye saa, mseme "namba tatu", si "saa tatu". Na kwanza tajeni mti, kisha kimo, kisha namba: "mti wenye shina jeupe, nusu ya kimo, namba tatu". Kidole msikinyooshe.

Jinsi ya kutembea ndani

Jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu. Saa kumi na mbili kamili muwe ukingoni mwa msitu, mmesimama, macho yanazoea giza. Kisha mwendo wenu uwe wa kobe: hatua kumi, simama dakika mbili. Kwa saa nzima msipite nusu kilomita. Kundi la watu sita kwenye njia nyembamba lipange mstari, mwongozaji mbele, aliye mfupi nyuma yake, mrefu mwisho. Mazungumzo ni ya kunong'ona, na simu zizimwe mlio na mtetemo pia.

Mkesha hafuatwi. Tafuteni sehemu ambapo njia inapita juu ya sakafu ya majani yaliyo wazi kidogo, chini ya miti mikubwa, mkae chini kabisa, mgongo kwenye shina, kwa nusu saa. Mtamsikia kabla ya kumwona: majani yanarushwa, kimya, yanarushwa tena. Sikilizeni mdundo huo. Panya hukimbia bila kusimama. Mkesha hupiga hatua tatu nne, husimama wima, hugeuza kichwa kusikiliza, kisha hupekua. Msiinue darubini wakati amesimama kusikiliza. Ngojeni ainame.

Apalisi ni kazi ya masikio. Chagueni uwazi mmoja mlioonyeshwa na mwongozaji, msimame ukingoni dakika ishirini, mkitazama kimo cha kifua hadi mara mbili ya kimo cha mtu. Watu hutazama juu kwa desturi, na huyu anapita chini ya mtazamo wao. Kichaka kikitikisika bila upepo, elekezeni macho pale bila darubini, na macho yakimshika ndipo muinue darubini mbele yake pasipo kuondoa macho. Anayetazama chini kutafuta darubini yake amempoteza.

Kinengenenge atakuja mwenyewe na kundi. Mkisikia "tii-tii" inasogea, acheni mengine yote, kwani nyuma yao huambatana wengine: wale kijani na manjano kooni wanaoruka-ruka kwenye majani, mashore wa msituni wenye sauti nzito. Juu zaidi, wakati wa ukungu kupasuka, sikilizeni mkoromo wa shorobo. Akiruka, mabawa yake mekundu ndiyo yatakayowaonyesha alipo.

Kuhusu sauti kwenye simu: ndiyo, huja. Dume anadhani mwenzake ameingia kwake, anaacha kula au anaacha kiota na kuja kupigana na simu yako. Kwenye msitu mkubwa wenye ndege maelfu, madhara hugawanyika. Ngangao ni hekta 120, njia ni zile zile, na kila kundi linalopita huwasha simu kwa jozi ile ile, mahali pale pale. Kwa ndege ambaye viota vyake huliwa mno tayari, hiyo ni kumlaza njaa kwa ajili ya picha. Sauti zitumieni nyumbani: pakueni za hao watatu, mzisikilize dakika kumi kila usiku kwa wiki mbili kabla ya safari. Hapo simu inawasaidia kweli. Merlin, programu ya simu ya kutambua ndege, pia pakueni data yake mkiwa Mombasa, mtandao wa mlimani unakatika, na majibu yake ya sauti myachukue kama fununu tu hadi mwongozaji athibitishe.

Picha, kwa ufupi, kwa kuwa kuna mmoja wenu hatakosa kubeba kamera: f/5.6 au chini ya hapo, kasi 1/250, ISO 3200 hadi 6400, na ndege akiwa mbele ya ukungu mweupe ongezeni mwanga kwa hatua moja, la sivyo atatoka mweusi mtupu. Taa ya kamera iacheni Likoni. Mkipata picha ya kiota, msiiweke mtandaoni na mahali pake.

Andikeni orodha ya kila mliyemwona, hata shomoro wa stendi ya Wundanyi. Ramani ya ndege ya Kenya, Kenya Bird Map, inakusanya orodha za namna hiyo kwa viwanja vya kiasi cha kilomita tisa kwa tisa, na orodha kamili inahitaji angalau saa mbili za kuangalia kwa makini ndani ya kiwanja kimoja. Asubuhi yenu ya Ngangao inatosha kabisa. Kama wanafunzi wako wanasoma hesabu za asilimia, kutafuta ndege fulani yumo katika orodha ngapi kati ya zote ni kazi ya darasani iliyo tayari.

Chakula cha msituni kiwe kikavu na kisicho na kelele: mahamri, mayai ya kuchemsha yaliyomenywa kabisa tangu nyumba ya wageni, chai kwenye chupa. Krispi msibebe, mfuko wake husikika mita hamsini. Mchana Wundanyi tafuteni kimanga, viazi au mihogo iliyopondwa na maharagwe, kizito cha kutosha mtu aliyekesha na baridi.

Mwisho, mkirudi Jumapili msizitoe darubini mkifika Voi. Zimetoka kwenye baridi, na hewa ya joto yenye unyevu itaganda juu ya lenzi mara moja. Ziacheni ndani ya mfuko uliofungwa hadi zipate joto la gari, saa moja hivi. Nyumbani Likoni zihifadhini kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana pamoja na vile vifuko vya chembe za kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Hewa ya bahari huotesha koga kwenye lenzi kwa miezi michache tu, na koga hiyo ikishakula kioo haifutiki.